Mchezo wa Kuigiza Shuleni: Jinsi ya Kuzitayarisha Sehemu Zilizo Ngumu

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya watu wa pwani, lakini watu wa Ngonga na vijiji vingine vya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, waifahamu vilevile, ijapokuwa bahari i mbali nao. Mtu auonaye mtumbwi ukipita kwa utulivu juu ya maji haoni jinsi gogo lilivyokatwa, wala siku ambazo fundi alilichimba kwa tezo, akiogopa asije akalitoboa. Ndivyo ulivyo mchezo wa kuigiza shuleni. Wazazi huja, huketi, hucheka na kuhuzunika kwa muda wa saa moja au zaidi, kisha hurudi makwao. Majuma ya kazi yaliyotangulia hawakuyaona.

Katika maelezo haya nataka kuifunua kazi hiyo, hasa kazi ya mwanafunzi aliyepewa sehemu ngumu. Tena nataka kulijibu swali ambalo wazazi wengi huliuliza kwa haki: Je, mtoto akifundishwa kuwa mwongo, mkatili au mwenye pepo mbele ya watu, hataharibika?

Kwanza yafaa tujue sehemu ngumu ni ipi. Wengi hudhani kwamba ni ile yenye maneno mengi. Sivyo. Maneno mengi yataka subira tu, na mtoto aliyekwisha kuziweka Zaburi moyoni hawezi kushindwa na kurasa ishirini za mchezo. Sehemu ngumu ni ile inayomtaka mwanafunzi awe kitu asicho, au kitu anachokiogopa: kijana awe mzee, mwenye shibe awe mwenye njaa, mpole awe mwuaji, mwenye akili timamu awe mtu aliyepagawa. Itazameni michezo ya Krismasi katika makanisa yetu. Wote wataka kuwa malaika au wachungaji. Herode hana mwenyewe. Hata atakapopatikana, huyasema maneno yake upesi upesi, akicheka kando ya mdomo, ili rafiki zake wajue ya kuwa yeye si mbaya. Hapo mchezo umekwisha kufa, kwa maana pasipo Herode wa kutisha, kule kukimbilia Misri hakuna maana.

Sasa tulijibu swali la wazazi. Je, kuigiza si kusema uongo? Mwongo huficha kwamba anaigiza. Akijulikana, kazi yake imeharibika. Mwigizaji hafichi neno. Amepanda jukwaani mbele ya watu wote, nao wote wajua ya kuwa yeye ni mtoto wa fulani. Kati yake na watazamaji yamekuwako mapatano. Na katika Maandiko tunao mashahidi. Nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi kwa ajili ya Uria, hakuanza kwa kumkaripia. Alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, na mfalme akakasirika, akatoa hukumu, kabla hajajua kwamba amejihukumu mwenyewe. Nabii Ezekieli aliagizwa kuuchora mji wa Yerusalemu juu ya tofali, na kuuzingira kana kwamba yeye ni jeshi, na kulala kwa ubavu mmoja siku 390 na kwa ubavu wa pili siku 40, mbele ya macho ya watu. Huo nao ulikuwa mfano wenye kutendwa. Basi ubaya hauko katika kuigiza, bali katika kuigiza bila matayarisho na bila kusudi.

Kazi hii ina historia ndefu. Huko Uingereza, siku za Shakespeare, wanawake hawakupanda majukwaa ya michezo ya kulipia. Sehemu za malkia na mabinti zilichezwa na wavulana waliofundishwa kazi hiyo tangu utoto, na desturi hiyo ilidumu hata mwaka 1660. Katika Afrika Mashariki, shule ya Alliance huko Kikuyu, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1926, ilikuwa na desturi ya kuonyesha mchezo wa Shakespeare kila mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo toka 1955 hata 1958, ameandika habari za michezo hiyo. Nchini kwetu, Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, ukachapishwa mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Tangu hapo mwanafunzi wa Kitanzania aliweza kujaribu kwa Kiswahili sehemu ya Brutus, mtu mwema amwuaye rafiki yake kwa kuamini kwamba anaiokoa nchi. Hiyo ni sehemu ngumu kweli, kwa kuwa mwigizaji hapati nafuu ya kumfanya mwuaji kuwa mbaya tangu mwanzo.

Lakini mfano nitakaoutumia zaidi ni wa nyumbani. Mwaka huohuo wa 1969 ulichapishwa mchezo uitwao Kinjeketile, ulioandikwa na Ebrahim Hussein, mwenyeji wa Kilwa aliyezaliwa mwaka 1943. Mchezo huo ni habari ya vita vya Maji Maji. Masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa na kuchapishwa na Gwassa na Iliffe mwaka 1968, yaeleza kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alichukuliwa na pepo, akaingia majini, na kesho yake akatoka, nguo zake zikiwa kavu. Akawapa watu maji ya dawa, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi, watu walipong'oa mipamba. Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita viliendelea hata mwaka 1907. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba walikufa watu 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wamekadiria hata 250,000 au 300,000, wengi wao kwa njaa.

Mwandishi mwenyewe ameonya ya kwamba Kinjeketile wa mchezo si sawasawa na yule wa historia. Huyu wa mchezo ni mtu aliyelitoa neno, na neno likamkua. Watu wataka kupigana mara moja, naye ataka wangoje mpaka waungane. Kisha aanza kujishuku: je, yale maneno yalitoka kwa roho kweli, au amedanganywa? Mwisho wake yumo gerezani, naye atakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Akatae au akubali? Akataa, kwa kuwa aona ya kuwa akilikana neno hilo, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba hata kuutaka uhuru kulikuwa kosa. Basi mvulana wa miaka kumi na saba wa Ngonga atawezaje kumbeba mtu huyu?

Hatua ya kwanza ni kujua habari. Wanyakyusa hawakuingia katika vita vya Maji Maji. Kwa hiyo mwanafunzi wa huku hana babu wa kumsimulia, naye aweza kuyachukua mambo hayo kama hadithi ya mbali. Mwalimu na asiwape wanafunzi sehemu zao siku ya kwanza. Juma zima na liwe la ramani na masimulizi: Umatumbi ni wapi, mto Rufiji hupita wapi, kulimishwa pamba kwa nguvu kulikuwaje, shamba la mtu mwenyewe lilipata siku ngapi. Mkulima wa mpunga wa Kyela ajua vema lipatikanalo mtu asipopanda kwa wakati. Mwanafunzi akilielewa hilo, amekwisha kuuona mlango wa kuingilia.

Hatua ya pili ni maswali matatu, ambayo kila mwigizaji ayaandike katika daftari lake: Mimi ni nani? Nataka nini? Nini chanizuia? Mrusi mmoja, Konstantin Stanislavski, aliyeishi toka 1863 hata 1938, na ambaye mwaka 1898 alikuwa mmoja wa walioanzisha jumba mashuhuri la michezo huko Moscow, aliwafundisha waigizaji wake kulitegemea neno moja dogo: kama. Hakuwaambia, Amini kwamba wewe ni mfalme. Aliwaambia, Kama ungekuwa mfalme, katika saa hii na katika shida hii, ungefanya nini? Lugha yetu i tajiri katika jambo hili. Ningefanya, ningalifanya, nisingalifanya: mwanafunzi aweza kuitembea njia yote ya mtu mwingine kwa kiungo hicho kimoja, naye asisahau hata mara moja kwamba yeye bado ni yeye. Hii ndiyo ngao yake. Mtoto aambiwaye, Jifanye mkatili, hupiga kelele tu. Mtoto aulizwaye, Kama ungekuwa mnyapara, nawe wamwogopa bwana wa shamba kuliko unavyowaogopa jirani zako, ungewatazamaje jirani hao? hunyamaza kidogo, akafikiri. Kisha ukatili wake huwa wa kweli, kwa sababu umepata chanzo.

Hatua ya tatu ni mwili na sauti. Lugha ya Kinyakyusa haina kwa asili sauti za z na v, na r huelekea kuwa l. Si aibu; kila lugha ina njia yake. Lakini mzee wa Umatumbi akisema sawadi mahali pa zawadi, watazamaji watacheka mahali pa kulia. Dawa yake ni kusoma kwa sauti dakika kumi kila siku, polepole, mwenzake akisikiliza. Tena Kyela ni nchi ya mvua nyingi mno. Mvua ya Aprili ikianza kupiga juu ya mabati, sauti ya kawaida haifiki hata benchi la tatu. Wengi hujibu kwa kupayuka, na baada ya siku mbili wamekauka koo. Njia iliyo bora ni kuvuta pumzi mpaka tumboni, kulitamka vema kila herufi la mwisho wa neno, na kuutazama ukuta wa nyuma. Mwalimu na aketi huko nyuma kabisa wakati wa mazoezi, asikae mbele. Na kama mvua imekuwa kubwa kupita kiasi, waigizaji wajue mapema mahali pa kutua mchezo wakingoje, bila kutoka katika sehemu zao.

Sasa twafika penye ugumu wenyewe, yaani kule kupagawa kwa Kinjeketile. Mvulana akiambiwa aigize mtu mwenye pepo, mara huanza kutetemeka, kupinda macho na kuanguka. Watazamaji wengine hucheka, na wengine, ambao wamewaona wagonjwa wa kweli nyumbani mwao, huona uchungu. Yafaa wanafunzi wafundishwe mambo mawili. La kwanza, wasimwige mganga wala mgonjwa yeyote wa kijijini. Huko ni kumdhihaki jirani. La pili, nguvu haiko katika kutetemeka bali katika utulivu. Mtu atokaye majini, akaja kati ya watu wanaomlilia, akasimama kimya na kuwatazama kana kwamba hawajui, huwatia watu baridi kuliko aangukaye mara kumi. Mwigizaji na ahesabu moyoni pumzi tatu kabla ya neno la kwanza. Pumzi tatu ni ndefu sana jukwaani, nazo zataka moyo.

Sehemu ya mnyapara ina ugumu wa namna nyingine, kwa sababu hupiga. Hapa kuna kanuni isiyovunjwa: apigwaye ndiye aongozaye. Mpigaji huinua fimbo kwa nguvu, lakini huishusha kando, hatua moja mbali na mwili. Apigwaye ndiye ajuaye saa ya kuruka, ya kulia na ya kuanguka, na ishara ya kuanza hutoka kwake. Kwanza hufanywa polepole sana, kama watu wanaotembea majini, kisha mwendo huongezwa siku kwa siku. Kwa njia hii hapana aumiaye. Tena kuna faida kubwa zaidi: wale wawili huzoea kuaminiana, na yule aliyepewa sehemu ya ubaya huona kwamba kazi yake ni kumlinda mwenziwe.

Njaa nayo, ambayo wanawake kina Bi Kitunda na Bi Bobali waizungumza katika mchezo huo, haiigizwi kwa kushika tumbo. Mwenye njaa ya siku nyingi hafanyi haraka. Huzihesabu hatua zake. Neno la chakula likitajwa, macho hugeuka kabla ya kichwa. Wasichana wakiulizwa wafikiri mama huwagawiaje watoto chakula kisichotosha, yaani nani apewe kwanza na nani adanganywe kwamba bado chaiva, watayapata mengi kuliko mwalimu awezayo kuwafundisha.

Kisha liko jambo la heshima za kwetu. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke hamtazami usoni baba wa mumewe, halitaji jina lake, na akimwona njiani humwepuka. Msichana aliyelelewa katika nyumba ishikayo desturi hiyo, akipewa sehemu ya mkaza mwana katika mchezo wowote, huona aibu ya kweli kusimama karibu na mvulana aliyepewa sehemu ya mkwe, hata kama wao ni wanafunzi wa darasa moja. Na bibi zake waliokuja kutazama watanung'unika. Mwalimu asiidharau aibu hiyo, wala asiivunje kwa amri. Na awaulize wazee mapema, kisha aitumie. Mkwe akiingia upande mmoja, na msichana akageuza uso na kuondoka kimya kwa upande wa pili, watazamaji wote wa Ngonga wamekwisha kuelewa wao ni nani, bila neno hata moja. Desturi iliyodhaniwa kuwa kizuizi imekuwa msaada.

Lakini sehemu iliyo ngumu kupita zote ni ile ya gerezani, nayo haina pepo, wala fimbo, wala kelele. Kinjeketile amekwisha kushuku, tena aona damu iliyomwagika kwa ajili ya neno lake, walakini akataa kulikana. Hapo mwanafunzi hutaka kujua: Je, niigize kana kwamba naamini, au kana kwamba siamini? Mwalimu asimpe jibu. Darasa zima na lijadiliane. Wengine watasema kwamba alikosa, kwa kuwa ukweli ungeweza kuwaponya waliosalia. Wengine watasema kwamba mshindi hakuutaka ukweli, bali alitaka kuwavunja watu moyo. Na mwigizaji wetu, baada ya kuwasikia wote, atachagua mwenyewe, naye atakuwa na sababu. Sehemu hiyo haiwezi kuchezwa na mtu asiyefikiri. Hii ndiyo faida ambayo mtihani wa kuandika hauwezi kuileta upesi: kijana ameubeba mzigo wa uamuzi mzito, akauona pande zote, bila mtu yeyote kufa.

Imebaki hatua moja, ambayo shule nyingi huisahau, nayo ndiyo jibu la mwisho kwa wazazi. Sehemu iliyovaliwa haina budi kuvuliwa. Mvulana aliyecheza mnyapara akiitwa Mnyapara uwanjani mwaka mzima, hilo laweza kumdhuru, si kwa sababu aliigiza, bali kwa sababu wenzake hawakumrudishia jina lake. Basi kila baada ya mazoezi, na hasa baada ya onyesho, waigizaji na wasimame katika duara, kila mmoja aitwe kwa jina lake halisi na kusalimiwa, wanawe uso, kisha wale pamoja. Aliyepiga na aliyepigwa na wakae bega kwa bega.

Jambo hili si geni huku. Zamani wavulana wa Kinyakyusa walipofika umri wa miaka kumi hivi, walijenga kijiji chao wenyewe pamoja na marika wao, wakakaa humo na kukua pamoja. Wema uliosifiwa zaidi kati yao uliitwa ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa furaha na usawa, kula pamoja na kuzungumza pamoja. Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, kilichochapishwa mwaka 1951. Waigizaji wa shule ni kijiji kidogo cha namna hiyo. Aliye mfalme jukwaani hafagii kidogo kuliko wengine ukumbi unapokwisha, na aliye mtumwa hakai mwisho wakati wa chakula.

Basi, ninyi wanafunzi, mkipewa sehemu msiyoipenda, msiikatae upesi. Jifunzeni habari yake, mwulizeni mtu huyo ataka nini, litunzeni neno lile la kama, walindeni wenzenu, kisha sehemu hiyo mwivue na kuiacha ukumbini. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto wenu akitetemesha ukumbi kwa ubaya wa Herode, au akiwaliza watu kwa mashaka ya Kinjeketile, msiogope. Jioni hiyo mwiteni kwa jina lake, mpeni chakula, mwulizeni alichojifunza. Wazee walisema, Mcheza kwao hutunzwa.